Viongezeo vya mafuta na oili

Viongezeo vya mafuta na oili ni kemikali zinazochanganywa kwa kiasi kidogo katika petroli, dizeli au oili ya injini ili kuboresha tabia yake, kwa mfano kusafisha, kuzuia kutu, kupunguza msuguano au kusaidia mafuta kuwaka vizuri. Baadhi huwekwa kabla bidhaa haijauzwa. Vingine huuzwa madukani katika chupa ndogo, na mwenye gari huvimimina mwenyewe kwenye tangi au kwenye injini.

Makala hii inahusu hasa matumizi yake katika pikapu za dizeli kwenye nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, Tanzania, katika wilaya za Kasulu na Kibondo. Huko pikapu hubeba mazao, bidhaa za maduka na mara nyingine wagonjwa, na injini ikifa njiani msaada huweza kuwa mbali.

Historia

Kiongezeo kilichojulikana zaidi katika karne ya 20 kilitokana na madini ya risasi. Mwaka 1921 Thomas Midgley wa kampuni ya General Motors, Marekani, aligundua kwamba kinazuia injini ya petroli kugonga. Kilianza kuuzwa mwaka 1923, ingawa risasi ni sumu inayodhuru ubongo, hasa wa watoto. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli ya aina hiyo kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na Algeria ilikuwa ya mwisho duniani kuiacha, mwaka 2021.

Viongezeo vilivyomo tayari

Oili ya injini haiuzwi ikiwa tupu. Kwa kawaida asilimia 10 hadi 20 ya ujazo wake ni viongezeo: visafishaji, vinavyoshikilia masizi yasigande, vinavyozuia povu na kutu, na michanganyiko ya zinki na fosforasi inayolinda vyuma visisagane. Katika oili yenye alama kama SAE 15W-40 huwekwa pia polima zinazoizuia kuwa nyepesi mno injini inapopata moto.

Dizeli nayo ina vyake. Mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia kiwango cha salfa kisichozidi sehemu 50 kwa milioni. Kuondoa salfa kiwandani hupunguza pia ulaini wa dizeli, kwa hiyo huongezwa kemikali ya kurudisha ulaini huo ili pampu na nozeli zisichakae.

Chupa za dukani

Visafishaji vya mfumo wa mafuta vinaweza kuondoa uchafu kwenye nozeli zilizoanza kuziba. Haviwezi kurekebisha nozeli iliyochakaa, ringi zilizokwisha au gasketi iliyoungua.

Viongezeo vya oili vina hatari zaidi, kwa sababu mchanganyiko wa kiwandani umepimwa kwa uwiano maalumu. Kuongeza kemikali nyingine huweza kuvuruga uwiano huo. Mwaka 1997 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilifikia makubaliano na watengenezaji wa Slick 50, kiongezeo cha oili, baada ya kuwalaumu kwa kutangaza ulinzi wa injini bila ushahidi wa kutosha.

Vipo pia viongezeo vinavyofanya oili iwe nzito. Hivi hupunguza moshi wa bluu na kelele kwa muda bila kuponya chochote. Mtu anayeuza pikapu iliyochoka anaweza kuvitumia kumficha mnunuzi hali halisi ya injini.

Mazingira ya Kasulu na Kibondo

Miji ya Kasulu na Kibondo iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 10 au zaidi. Injini ya dizeli isiyo na tabochaji, kama 1HZ ya Toyota Land Cruiser, hupata oksijeni kidogo, hivyo hupungua nguvu na huweza kutoa moshi mweusi mlimani. Hakuna chupa inayoongeza hewa. Dawa yake ni filta safi ya hewa, pampu iliyopimwa vizuri na mzigo usiozidi.

Wakati wa kiangazi vumbi la barabara za udongo ni adui mkubwa. Likipita kwenye filta mbovu hukwangua silinda na ringi.

Maji ni tatizo jingine. Dizeli iliyohifadhiwa kwenye mapipa na madumu huweza kuingia maji, hasa wakati wa mvua, ambazo kwa kawaida hunyesha kati ya Oktoba na Mei. Tangi likilala nusu tupu usiku wa baridi, unyevu wa hewa hugeuka matone ndani yake. Baadhi ya viongezeo huchanganya maji hayo na dizeli na kuyapeleka mpaka kwenye nozeli, ambako huleta kutu. Ni salama zaidi kuyamwaga kupitia koki iliyo chini ya filta ya dizeli.

Uchakachuaji

Jambo lisiloweza kutibiwa kwa kiongezeo ni mafuta yaliyochakachuliwa. Mafuta ya taa yakichanganywa katika dizeli hupunguza ulaini wake, na pampu nyingi hulainishwa na dizeli yenyewe. Mwaka 2010 Tanzania ilianza kuweka vinasaba katika mafuta ya soko la ndani, kwanza chini ya EWURA na baadaye TBS, ili wakaguzi wayatambue yaliyochanganywa. Bajeti ya mwaka 2011/2012 ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa, na hivyo kupunguza faida ya uchakachuaji.

Kutambua tatizo kabla ya kununua

Rangi ya moshi humsaidia fundi. Moshi wa bluu huonyesha kwamba injini inaunguza oili. Mweusi, kwamba dizeli ni nyingi au hewa ni kidogo. Mweupe usiokoma injini ikiwa ya moto, kwamba maji yanaingia kwenye silinda au dizeli haiungui vizuri. Matatizo hayo kwa kawaida huhitaji spana.

Vitabu vingi vya pikapu za dizeli huagiza oili ibadilishwe kila kilomita 5,000 hadi 10,000, na mapema zaidi penye vumbi. Kwa mwenye fedha ya chupa moja tu, oili ya daraja lililotajwa kitabuni na filta mpya hulinda injini kuliko kiongezeo kinachomiminwa juu ya oili iliyokwisha muda wake.