Refa, rufaa na Kumb. Na.: neno moja lilivyogawanyika Kariakoo

Siku ya dabi, pita Mtaa wa Msimbazi jioni, mechi ikishaisha. Mashabiki wa upande uliofungwa hawana maneno mengi: "Refa kawabeba!" Na wewe umeshawahi kusema hivyo, usinikatalie. Ila sidhani kama ulijua kwamba ulikuwa unasema kitu kilekile mara mbili. Ndani ya neno refa, kubeba tayari kumo.

Refa ni "referee" ya Kiingereza, inayotokana na kitenzi "refer". Hicho nacho kimetoka kwenye Kilatini "referre". Sehemu ya mwisho, "ferre", ni kubeba. Ile "re" ya mwanzo ni kurudi au kurudisha. Kwa hiyo asili yake ni kubeba na kurudisha: kumpelekea jambo mtu anayeweza kulijibu, au kurudi na taarifa kwa aliyekutuma. Safari ina kwenda na kurudi. Shika hilo, tutalihitaji.

Refa hakuanzia mpirani. Uingereza ya karne ya 17 alikuwa mtu anayekabidhiwa maombi ya watu ayachunguze na kutoa maoni. Soka lilimchukua baadaye sana. Sheria za kwanza za mwaka 1863 hazikumtaja kabisa, waungwana walitarajiwa kumalizana wenyewe (hebu fikiria Simba na Yanga wakimalizana wenyewe!). Kisha kila timu ikawa na mwamuzi wake, naye haamui kitu mpaka mchezaji alalamike. Waamuzi hao wawili wakishindwa kuelewana, jambo linapelekwa kwa mtu wa tatu aliyekaa nje ya mstari. Huyo ndiye refa. Mwaka 1891 ndipo alipoingizwa uwanjani na kupewa mamlaka ya kuamua, na wale wawili wakasogezwa pembeni kushika vibendera.

Kiswahili hakikulichukua "refer" zima. Kililigawa mafungu. Kwenye vitabu tukaweka marejeo, kutoka kurejea, yaani kurudi. Neno hilo ni la Kiarabu, na limeikamata ile "re" vizuri mno. Kwenye barua za ofisi, "Kumb. Na.", namba ya kumbukumbu, ileile unayoombwa kwenye simu ukilipia ankara. Kwenye maombi ya kazi tukaweka mdhamini, na hapo kwa maoni yangu tulikosea. Mjomba wako ukimwambia "nimekuandika mdhamini", kitu cha kwanza anachowaza ni mkopo, au polisi.

Tukiwa bado hapahapa, jina Kariakoo lenyewe ni la wabebaji. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, eneo la soko walilolijenga Wajerumani likawa kambi ya "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi wa vita. Midomo yetu ikaligeuza likawa Kariakoo, kama Nairobi walivyopata Kariokor yao. "Carrier" na "refer" si ndugu wa damu, mizizi yao ni tofauti. Lakini angalia kilichotokea. Watu hawa walibeba chakula na risasi za jeshi kwa mwaka na zaidi, na makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko risasi. Mishahara ya maelfu kati yao haikuchukuliwa kamwe na ndugu zao. Majina yaliandikwa ovyo, vijiji havikujulikana, hapakuwa na kumbukumbu ya kumrudisha mtu kwao hata kwenye karatasi. Sanamu ya Askari pale Samora, iliyozinduliwa mwaka 1927, inawataja wapagazi kwenye maandishi yake. Aliyesimama juu ni askari.

Twende kwenye rufaa. Hili nalo ni la Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kuinua, kupandisha. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mahakama ya pamoja ya rufaa ilikufa nayo, na mwaka 1979 Tanzania ikaanzisha yake. Katiba inaiita Mahakama ya Rufani, mtaani sote tunasema rufaa. Kesi inapandishwa juu, na hukumu ya juu ndiyo ya mwisho. Neno limekaa sawasawa.

Halafu tukalibeba neno hilohilo tukalipeleka hospitali. Waingereza wana maneno mawili: mahakamani "appeal", hospitalini "refer". Sisi tuna moja. Zahanati inakupa rufaa kwenda kituo cha afya, kituo cha afya kwenda hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa kama Amana hapa Ilala, mpaka Muhimbili kule Upanga. Kupandishwa tu, kama kesi.

Mama mdogo wangu alipoambiwa kwenye zahanati moja kwamba presha yake inahitaji rufaa, aliuliza, "Kwani nimeshindwa?" Tulicheka wote, na mganga pia. Alipandishwa, akatibiwa vizuri, dawa zikabadilishwa. Wiki tatu baadaye alirudi zahanati ileile na mganga yuleyule akamuuliza, "Walisema nini huko?" Hakujua. Fomu aliyopewa ilikuwa na sehemu ya chini ya kujazwa na kurudishwa. Haikujazwa, wala haikurudi.

Sisemi neno ndilo lenye kosa. Foleni zetu unazijua, na daktari mwenye wagonjwa kibao mlangoni hana muda wa kuandika barua. Lakini mgonjwa wa presha au kisukari hamalizwi na hukumu ya juu. Anaishi mtaani, anapimwa mtaani, na anayemwona kila mwezi ni yule wa chini. Kwake rufaa yenye maana ya Kilatini ndiyo inayofaa, ile ya kubeba na kurudisha. Wataalamu wanaiita "rufaa ya kurudi", maneno yanayogongana ukiyasikia vizuri: kupandishwa kwa kushuka.

Sasa mama mdogo ana daftari. Kabla hajatoka chumba cha daktari huko juu, analifungua na kusema, "Mwanangu, niandikie hapa, nikamwonyeshe yule aliyenileta."