Eni Faleomavaega

Eni Fa'aua'a Hunkin Faleomavaega (15 Agosti 1943 – 22 Februari 2017) alikuwa mwanasheria na mwanasiasa kutoka Samoa ya Marekani, eneo lililo chini ya Marekani katika kusini mwa Bahari ya Pasifiki. Aliwakilisha visiwa hivyo katika Baraza la Wawakilishi la Marekani kuanzia Januari 1989 hadi Januari 2015 kwa tiketi ya Chama cha Democratic. Kabla ya hapo alikuwa naibu gavana.

Alikaa bungeni kwa vipindi 13 mfululizo, muda mrefu kuliko mjumbe mwingine yeyote wa eneo lake hadi alipoondoka. Katika miaka yote hiyo 26 hakuwa na haki ya kupiga kura ya mwisho ya kupitisha sheria, kwa kuwa sheria za Marekani haziwapi haki hiyo wajumbe wa maeneo ambayo si majimbo.

Jina

Jina la familia yake lilikuwa Hunkin. Faleomavaega ni cheo cha matai, yaani mkuu wa ukoo, kutoka kijiji cha Leone kisiwani Tutuila. Kwa desturi ya Wasamoa, mtu akipewa cheo cha matai hulichukua jina la cheo hicho na kujulikana kwalo. Ndiyo maana katika maandishi ya zamani huitwa Eni Hunkin, na baadaye Eni Faleomavaega.

Maisha ya awali na elimu

Alizaliwa katika kijiji cha Vailoatai kisiwani Tutuila, lakini alikulia Hawaii, ambako alimaliza shule ya sekondari ya Kahuku mwaka 1962. Alisoma katika chuo cha kanisa la Wamormoni huko Laie, Hawaii, kisha akapata shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Brigham Young, Utah, mwaka 1966.

Mwaka huohuo aliingia jeshini, akapelekwa vitani Vietnam. Aliondoka katika utumishi wa muda wote mwaka 1969, ingawa baadaye aliendelea kuwa ofisa wa jeshi la akiba kwa miaka mingi. Baada ya vita alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Houston, Texas, akahitimu mwaka 1972, na mwaka uliofuata akapata shahada ya uzamili ya sheria katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mke wake alitoka Tahiti, na walijaliwa watoto watano.

Kuingia katika siasa

Kazi yake ya kwanza mjini Washington ilikuwa kumsaidia A. U. Fuimaono, mwakilishi aliyetumwa na Samoa ya Marekani wakati ambapo eneo hilo bado halikuwa na kiti bungeni. Kuanzia 1975 hadi 1981 alikuwa mwanasheria wa kamati ya Baraza la Wawakilishi iliyoshughulikia mambo ya ndani na visiwa, chini ya mbunge Phillip Burton wa California. Hapo ndipo alipojifunza namna sheria zinazohusu maeneo ya visiwani zinavyotungwa, mara nyingi na watu ambao hawajawahi kufika huko.

Aliporudi nyumbani alikuwa naibu mwanasheria mkuu wa Samoa ya Marekani kuanzia 1981 hadi 1984. Katika uchaguzi wa 1984 alichaguliwa kuwa naibu gavana pamoja na gavana A. P. Lutali, akashika wadhifa huo hadi mwanzo wa 1989. Akiwa naibu gavana alijiunga mwaka 1987 na mabaharia wa Hōkūle'a katika safari ya kurudi Hawaii. Hōkūle'a ni chombo cha matanga kilichoundwa kwa mitumbwi miwili iliyounganishwa. Huongozwa kwa nyota, mawimbi na upepo bila dira, kama walivyofanya Wapolinesia wa kale.

Mwaka 1988 mjumbe wa kwanza wa Samoa ya Marekani bungeni, Fofó Sunia, alijiuzulu baada ya kukiri kosa la udanganyifu wa mishahara ya wafanyakazi hewa. Faleomavaega aligombea kiti hicho, akashinda.

Mjumbe asiye na kura

Mjumbe wa eneo kama Samoa ya Marekani, Guam au Visiwa vya Virgin huweza kuwasilisha miswada, kuzungumza bungeni na kupiga kura katika kamati anazoshiriki. Ukumbini hali ni tofauti. Mwaka 1993 wabunge wa Democratic waliwaruhusu wajumbe hao kupiga kura pale Baraza linapoketi kama kamati ya wabunge wote. Hata hivyo waliweka sharti: ikiwa kura za wajumbe ndizo zilizoamua matokeo, kura irudiwe bila wao. Kwa maneno mengine, kura yao ilihesabiwa mradi isibadilishe kitu. Hata haki hiyo ndogo iliondolewa na Republican mwaka 1995, ikarudishwa 2007, ikaondolewa tena 2011. Faleomavaega alikuwepo nyakati zote hizo.

Nguvu yake ilikuwa ndani ya kamati. Kuanzia 2007 hadi 2011 alikuwa mwenyekiti wa kamati ndogo ya mambo ya nje iliyohusika na Asia, Pasifiki na mazingira ya dunia. Aliitumia nafasi hiyo kuzungumzia masuala ambayo Washington haikuyapa uzito, likiwemo la haki za watu wa Papua Magharibi chini ya Indonesia.

Alipinga vikali majaribio ya silaha za nyuklia. Mwaka 1995 rais Jacques Chirac wa Ufaransa alipotangaza kwamba majaribio yangeanza upya katika kisiwa cha Mururoa, Polinesia ya Kifaransa, Faleomavaega alipanda meli ya Greenpeace, Rainbow Warrior II, pamoja na Oscar Temaru, kiongozi wa wapigania uhuru wa Tahiti. Wanajeshi wa Ufaransa waliikamata meli hiyo na kuwazuia waliokuwemo. Ufaransa ilifanya majaribio sita kabla ya kusimamisha mpango huo Januari 1996.

Kima cha chini cha mshahara

Uchumi wa Samoa ya Marekani ulitegemea sana viwanda viwili vya kusindika samaki aina ya jodari huko Pago Pago. Kima cha chini cha mshahara kilipangwa na kamati maalumu na kilikuwa chini kuliko cha Marekani bara. Mfanyakazi wa kiwandani aliweza kulipwa dola 3.26 kwa saa. Mwaka 2007 Bunge lilipitisha sheria ya kupandisha mishahara, ikiwemo nyongeza ya senti 50 kila mwaka kwa Samoa ya Marekani. Faleomavaega alionya kwamba kasi hiyo ingefukuza viwanda. Wakosoaji walimwona anatetea kampuni kuliko wafanyakazi.

Kiwanda cha Chicken of the Sea kilifungwa mwishoni mwa Septemba 2009, na zaidi ya watu 2,000 wakapoteza kazi. Siku moja kabla, tarehe 29 Septemba, tsunami ilikuwa imeipiga Tutuila na kuua watu zaidi ya 30 katika Samoa ya Marekani. Leone ilikuwa miongoni mwa vijiji vilivyoathirika zaidi. Mwaka uliofuata Bunge liliahirisha nyongeza za mishahara.

Suala la uraia

Jambo lililozua mjadala mkubwa zaidi mwishoni mwa kazi yake ni uraia. Watu waliozaliwa Samoa ya Marekani wana utaifa wa Marekani, lakini si raia. Pasipoti zao huandikwa hivyo wazi. Wanaweza kuishi popote Marekani na kutumika jeshini, na wengi hujiunga na jeshi, lakini wakiishi katika jimbo lolote hawawezi kupiga kura wala kupata kazi zinazodai uraia mpaka waombe uraia kama wageni.

Mwaka 2012 Wasamoa kadhaa walifungua kesi ya Tuaua dhidi ya Marekani, wakidai kwamba Katiba inampa uraia kila anayezaliwa katika ardhi ya Marekani. Mtu angetarajia mjumbe wao awaunge mkono. Badala yake Faleomavaega alisimama upande wa serikali ya Samoa ya Marekani kuwapinga.

Hoja yake ilihusu ardhi. Zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ya visiwa hivyo ni mali ya koo na husimamiwa na matai, na sheria inazuia kuuziwa watu wasio na angalau nusu ya asili ya Kisamoa. Yeye na viongozi wenzake walihofu kwamba uraia kwa amri ya mahakama ungefungua njia ya kuzipinga kanuni hizo kwa madai ya ubaguzi. Alisisitiza kwamba uamuzi ni wa Wasamoa wenyewe. Walalamikaji nao walijibu kwamba haki ya kikatiba haipigiwi kura, na kwamba msimamo huo ulitegemea hukumu za mwanzoni mwa karne ya 20 zilizowaona watu wa makoloni kuwa duni. Jibu hilo lilikuwa na uzito, kwani mahakama ya rufaa ya Washington ilizitumia hukumu hizo ilipokataa madai yao Juni 2015. Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kuisikiliza kesi hiyo mwaka 2016.

Kushindwa na kifo

Afya yake ilianza kudhoofika, na mwaka 2013 alisafirishwa hadi Hawaii kwa matibabu. Katika uchaguzi wa Novemba 2014, uliokuwa na wagombea wengi, alishindwa na Aumua Amata Radewagen wa Republican, aliyekuwa amegombea dhidi yake mara kadhaa tangu 1994. Amata alipata takriban asilimia 42 ya kura, Faleomavaega asilimia 31.

Alifariki Provo, Utah, akiwa na umri wa miaka 73. Mwaka huohuo kliniki ya maveterani huko Pago Pago ilipewa jina lake, kwa mswada uliowasilishwa bungeni na Amata.