Mji wa uchawi na mwani? Ziwani tunao tayari

Rafiki yangu amenitumia mchoro wa mji wake wa kubuni. Unajilisha kwa mwani, na badala ya stima kuna uchawi. Mkali kweli, lakini mitaa yote ni Tokyo tupu. Nikamuuliza: boss, sisi wa Karungu tumekosa nini?

Anza na ukuta. Thimlich Ohinga iko hapa hapa Migori, upande wa Macalder. Mawe yamepangwa bila simiti wala udongo, kuta zingine zinapita mita 4, na zimesimama karibu miaka 500. UNESCO waliitambua 2018. Ndani kulikuwa na nyumba, zizi za ng'ombe, hata mahali pa kufua chuma. Lango ni fupi, unaingia umeinama, kwa hivyo adui anatanguliza kichwa. Hiyo ni pulani, si bahati.

Uchawi? Kabla ya kuwa timu, Gor Mahia alikuwa mtu: mganga na kiongozi wa Kanyamwa, huko Ndhiwa. Wazee husema alijigeuza chochote alichotaka. Klabu ilikuja 1968.

Sasa mwani. Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay, ni ziwa la magadi, kijani kama supu ya mboga. Kijani hicho ni spirulina, na ndicho flamingo hufuata. Usicheke: Tenochtitlan, Mexico, ulikuwa mji mkubwa juu ya ziwa, na watu wake walivuna kitu kama hicho wakakiuza sokoni. Akina mama wa Ziwa Chad bado hukikausha. Lakini usichote kila kijani unachoona. Ule unaotanda Ziwa Victoria, ukilishwa na mbolea na maji taka, unaweza kuwa na sumu, na ukioza samaki wanakosa hewa.

Wanasayansi husema Simbi ni shimo la volkano. Nyanyangu ana yake: ajuza alifika usiku wa sherehe, akafukuzwa kila boma, mama mmoja tu akamkaribisha. Ajuza akamwambia hama sasa hivi. Mvua ikanyesha, kijiji kikazama, na jina lenyewe ndilo hilo, kijiji kilichozama.

Basi nikamuuliza rafiki: kwa mji wako, mgeni akibisha usiku, nani anafungua? Hajajibu. Nimeangalia mchoro tena, hauna hata lango.