Wimbo wa Kwaya Katika Ala za Shaba: Meru na Embu

Muziki wa ibada wa Meru na Embu ulikuwa wa sauti za watu kabla haujawa wa ala, kwa kuwa Waanglikana waliofungua kituo cha Kigari mwaka 1910, Wamethodisti waliofika Kaaga mwaka 1912 na Wapresbiteri wa Skoti waliojenga Chogoria mwaka 1922 chini ya daktari Archibald Irvine, wote walikuja na nyimbo zilizopangwa kwa soprano, alto, teno na besi. Ngoma za jadi, zikiwemo zile ndefu ambazo Wachuka huzibana katikati ya miguu, zilihesabiwa na wamishonari wengi kuwa za upagani, zikaachwa nje ya kanisa.

Kwaya zilifundishwa kwa solfa, mfumo ulioenezwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, ambao huandika sauti kwa herufi d, r, m, f, s, l na t, kila herufi ikitaja nafasi ya sauti katika skeli wala si kimo chake kamili, hata wimbo mmoja ukaweza kuanzishwa juu au chini bila kubadili maandishi. Ala za shaba zilikuja na Jeshi la Wokovu, ambalo bendi zake zilichipuka Uingereza mwaka 1878 kwa familia ya Fry ya Salisbury, na ambalo lilianza kazi Kenya mwaka 1921.

Anayeuhamishia wimbo kwa kundi dogo la shaba, ambamo kila mpigaji hubeba sauti yake peke yake, huipa koneti soprano, honi alto, tromboni teno na tuba besi. Na kwa kuwa koneti ya B-flati hulia toni moja chini ya noti iliyoandikwa, huiandikia noti zake toni moja juu.

Kazi ngumu zaidi imo katika lugha. Kimeru na Kiembu hutofautisha maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti, na tuni za Ulaya mara nyingi hupandisha silabi ambayo usemi huishusha. Shaba huondoa mgongano huo, lakini huondoa na neno lenyewe; kwa hiyo mpangaji hana budi kuzijua beti, aweke pumzi pale waimbaji wanapopumua na mkazo pale neno linapokazwa, ili msharika aliyelelewa na wimbo huo ausikie na kuyarejesha maneno yake mwenyewe moyoni.