Asili na Maana ya Jina la Kiduha

Katika mashamba ya mtama na mahindi ya Bariadi, Maswa na Itilima huchomoza baina ya mashina mmea mfupi wenye maua ya kupendeza, mengine ya waridi iliyokolea, mengine mekundu. Mpita njia huyasifu. Mwenye shamba huyatazama kwa huzuni, kwani ajua ya kuwa yanapochanua kwa wingi mavuno yamekwisha kupungua. Mmea huo huitwa kiduha, na kwa wingi viduha.

Jina hili limo katika ngeli ya KI-VI, ambayo imebeba pia majina mengi ya maradhi, kama vile kifaduro, kichocho, kisonono na kipindupindu. Kiduha hakikukaa vibaya miongoni mwa jamaa hao, maana hakishindani na nafaka kwa nafasi tu kama magugu mengine, bali hushika mizizi yake na kuinyonya.

Wataalamu wa mimea hukiita Striga. Jina hilo lilitolewa mwaka 1790 na João de Loureiro, padre wa Kireno aliyekaa miaka mingi Vietnam. Katika Kilatini neno hilo lina maana mbili: mfuo au mstari, na tena mwanamke mchawi. Wafasiri wengi wameshika maana ya pili, na Waingereza nao wakauita mmea huo gugu la mchawi. Aina yenye maua ya waridi iliongezewa jina la hermonthica na Delile, Mfaransa aliyefuatana na jeshi la Bonaparte kwenda Misri mwaka 1798. Alilitoa mwaka 1813 katika jina la mji wa kale wa Hermonthis, yaani Armant ya leo, ukingoni mwa Nile.

Sababu ya kushikilia maana ya uchawi si ngumu kuielewa. Madhara makubwa ya kiduha hutendeka chini ya ardhi, kabla hakijaonekana. Mtama hunyauka na kudumaa hali udongo una unyevu, na jicho halimwoni adui. Zaidi ya hayo, mmea mmoja waweza kutoa mbegu elfu nyingi, ndogo kama vumbi, zinazolala udongoni miaka kumi na kuzidi.

Lakini Usukumani neno mchawi si neno la mchezo. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria juu ya uchawi mwaka 1928, wala haikukomesha shutuma. Kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,000 waliuawa nchini kwa kudhaniwa wachawi. Sehemu kubwa walikuwa wa Usukumani, na wengi wao wanawake. Jina la gugu linalotaja mchawi lingempa mkulima aliyekosa chakula sababu ya kumtazama jirani yake badala ya kuutazama udongo.

Na chanzo cha mkasa kimo udongoni. Mwaka 1956 mmea huu uligunduliwa katika majimbo ya Carolina, Marekani, na mwaka 1966 wataalamu wa huko wakapata katika mizizi ya pamba kemikali inayoziamsha mbegu zake, wakaiita strigoli. Mwaka 2005 wataalamu wa Japani walionyesha ya kuwa mizizi hutoa kemikali za jamii hiyo ili kuwaita kuvu wanaoisaidia kupata chakula. Mmea wenye njaa ya fosfeti huita zaidi. Kiduha huusikia wito huo, huota na kuushika mzizi. Basi ardhi iliyochoka ndiyo inayomkaribisha.

Habari hii inauhusu sana Mkoa wa Simiyu, uliotengwa mwaka 2012, ambao pamba ndiyo zao lake kuu la biashara. Mizizi ya pamba huziamsha mbegu za kiduha, lakini kiduha hakiwezi kuinyonya, nacho hufa kwa kukosa mwenyeji. Kwa hiyo kupanda pamba na nafaka kwa zamu, kutia samadi ya ng'ombe, na kung'oa viduha kabla havijatoa mbegu, kila jambo hupunguza hazina ya adui.

Ndiyo maana kiduha ni jina linalofaa kuliko tafsiri ya lile la kigeni. Limeutaja mmea wenyewe, wala halikumshitaki mtu.