Kenichi Fukui

Kenichi Fukui (4 Oktoba 1918 – 9 Januari 1998) alikuwa mwanakemia wa nadharia kutoka Japani. Alionyesha kwamba molekuli mbili zinapokutana, mwelekeo wa mmenyuko huamuliwa hasa na elektroni chache zilizo kwenye ngazi za mpakani za nishati. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1981 pamoja na Roald Hoffmann wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Alikuwa Mwasia wa kwanza kupata Nobel ya Kemia.

Maisha ya awali na elimu

Fukui alizaliwa mkoani Nara, mkubwa kati ya wavulana watatu wa Ryokichi Fukui, mfanyabiashara na meneja wa kiwanda. Shuleni alipenda hisabati kuliko kemia. Ulipowadia wakati wa kuchagua masomo ya chuo kikuu, baba yake alimwendea jamaa yao, Profesa Gen-itsu Kita wa Chuo Kikuu cha Kifalme cha Kyoto, kuomba ushauri. Kita alisema kijana anayependa hisabati asome kemia. Ushauri huo ulikwenda kinyume na mazoea, kwani kemia ya wakati huo ilitegemea zaidi majaribio na kumbukumbu kuliko hesabu.

Alihitimu mwaka 1941 katika kemia ya viwanda. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifanya utafiti wa mafuta ya kutengenezwa katika maabara ya mafuta ya jeshi. Baada ya vita alibaki Kyoto, akapata shahada ya udaktari mwaka 1948 na uprofesa mwaka 1951. Hivyo nadharia yake ilikulia katika kitivo cha uhandisi, karibu na watu walioshika chupa na tanuri kila siku, huku yeye akijisomea fizikia ya kwanta.

Nadharia ya obitali za mpakani

Elektroni za molekuli hukaa katika obitali, yaani maeneo yenye viwango maalumu vya nishati, na hujaza kuanzia kiwango cha chini kwenda juu. Obitali ya juu kabisa yenye elektroni hujulikana kwa kifupisho HOMO, na ya chini kabisa iliyo tupu huitwa LUMO. Hizo mbili ndizo obitali za mpakani.

Swali lililomsumbua Fukui lilihusu naftalini, kemikali nyeupe yenye harufu kali inayowekwa kwenye nguo kufukuza nondo. Molekuli yake ina atomi 10 za kaboni katika pete mbili zilizoshikana. Asidi ya nitriki inapoishambulia, hupenda zaidi nafasi ya 1 kuliko nafasi ya 2. Wanakemia walizoea kutafuta sababu katika wingi wa elektroni kwenye kila atomi, lakini kwa njia ya hesabu ya Erich Hückel atomi zote 10 zina wingi uleule wa elektroni za pai, yaani zile zinazotawanyika kwenye pete zote. Kipimo hicho hakikuweza kueleza upendeleo huo.

Fukui aliamua kuzihesabu elektroni mbili tu, zile za HOMO. Kwa njia hiyohiyo ya Hückel, msongamano wake ni takriban 0.36 katika nafasi ya 1 na 0.14 katika nafasi ya 2. Jibu la hesabu likawiana na jibu la maabara. Mwaka 1952 alichapisha matokeo hayo pamoja na Teijiro Yonezawa na Haruo Shingu. Miaka miwili baadaye nadharia ilipanuliwa: kishambulizi kinachotoa elektroni hutazama LUMO ya molekuli inayoshambuliwa.

Ulinganifu wa obitali

Mwaka 1964 Fukui alieleza kwamba katika mmenyuko wa Diels na Alder, ambao huunda pete ya kaboni sita, HOMO ya molekuli moja na LUMO ya nyingine huoana kwa alama zake (chanya au hasi) katika ncha zote mbili, ndiyo maana pete hufungika kwa urahisi. Mwaka uliofuata Robert Woodward na Hoffmann, wakichochewa na kazi ya kuunda vitamini B12, walitoa kanuni pana za ulinganifu wa obitali. Kanuni hizo ziliwafanya wanakemia wengi watambue uzito wa kile Fukui alichokuwa akikisema tangu 1952. Woodward alifariki mwaka 1979, kabla ya tuzo ya 1981.

Njia ya mmenyuko

Mwaka 1970 Fukui alitoa mchango mwingine mkubwa: namna ya kuifafanua kihisabati njia ambayo atomi hupita kutoka hali ya mpito, yaani kilele cha nishati kati ya vianzio na mazao, hadi kwenye mazao, kama maji yanavyoteremka kutoka kwenye kipito cha mlima. Leo programu za kemia ya kompyuta huifuata njia hiyo kuthibitisha kwamba hali ya mpito iliyopatikana kweli inaunganisha vianzio na mazao yanayotarajiwa.

Miaka ya baadaye na urithi

Fukui alitunukiwa Nishani ya Utamaduni ya Japani mwaka 1981. Kuanzia 1982 hadi 1988 aliongoza Taasisi ya Teknolojia ya Kyoto, kisha akawa mkurugenzi wa Taasisi ya Kemia ya Msingi. Alifariki Kyoto akiwa na umri wa miaka 79.

HOMO na LUMO sasa ni msamiati wa kila siku kwa wanaobuni dawa, vichocheo na seli za jua za kikaboni. Kabla ya Fukui, mwanafunzi aliyetegemea wingi wa elektroni pekee hakuweza kueleza ni atomi ipi ya naftalini itakayoshambuliwa. Baada yake anaweza kuikokotoa kwa kalamu na karatasi, na hapo ndipo ulipo ukubwa wa kazi yake: aliipa kemia ya majaribio uwezo wa kutabiri kabla ya moto kuwashwa.