Shamba Juu ya Mwamba: Historia ya Kilimo cha Juani

Mgeni anayefika Juani, kimojawapo cha visiwa vya Mafia nchini Tanzania, hupelekwa kwenye mji wa kale wa Kua. Huonyeshwa magofu ya jumba la mfalme, misikiti iliyobomoka, makaburi, na miti iliyopenyeza mizizi kutani, kisha hurudishwa ng'ambo kwa mashua kabla maji hayajakupwa. Kuhusu mashamba ya kisiwa hicho haambiwi neno. Hapo tunaipunja Juani. Mji wa Kua ulidumu karne chache. Kilimo cha Juani kina umri wa zaidi ya miaka elfu moja, na mpaka leo watu wanalima.

Ushahidi umetoka ardhini. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba katika pango la Ukunju, kisiwani humo humo. Baadaye timu iliyomjumuisha mwanaakiolojia Alison Crowther ilichimba pangoni na pia kwenye eneo la Shule ya Msingi Juani. Katika tabaka za milenia ya kwanza baada ya Kristo walikuta vigae, mifupa ya samaki, na punje za nafaka za Kiafrika, mtama na uwele miongoni mwake. Punje za namna hiyo huweza kudumu muda wote huo kwa sababu ziliungua: moto ukishaigeuza punje kuwa mkaa, haiozi tena. Kwa hiyo watu waliovuka bahari kuja kukaa Juani hawakutegemea samaki peke yao. Walikula pia nafaka, karne nyingi kabla jiwe la kwanza la Kua halijawekwa.

Kulima Juani si kazi nyepesi. Kisiwa ni mwamba wa matumbawe ya kale yaliyoinuka juu ya bahari, na udongo umejikusanya kwenye mashimo na nyufa, hapa kiganja, pale ndoo mbili. Mvua hainyimi, maana Mafia hupata karibu milimita 1,900 kwa mwaka, lakini maji hupenya mwambani na kupotea, na ya kisimani hukaa juu ya maji ya chumvi. Ukiteka kupita kiasi, chumvi inapanda. Jembe likigonga jiwe halina msaada. Mkulima wa mwambani hutumia muo au mtaimbo, anatoboa, anatia mbegu, anafukia kwa mguu. Kabla ya hapo amefyeka pori na kulichoma, kwa kuwa majivu ndiyo mbolea yake. Atavuna misimu michache, kisha ataliacha shamba liote pori tena, ahamie kwingine.

Kalenda ya kazi hiyo imefuata pepo. Kaskazi likivuma, kuanzia Desemba hadi Machi, ni wakati wa jua na wa kufyeka. Upepo unapogeuka huja masika, Machi hadi Mei, nayo ndiyo mvua kubwa: nafaka, kunde, maboga na matango vyote hupandwa kwa haraka, mchicha na mlenda huota hata pasipopandwa. Kusi huleta ubaridi na ukavu. Vuli, Oktoba hadi Desemba, ni mvua fupi isiyoaminika, ya kunde na mboga za kuziba pengo. Kati ya misimu hiyo, mwenye kujua huchuma mchunga porini na kuuvumilia uchungu wake.

Miezi ya Kiislamu haikuweza kuyapanga haya, kwa kuwa hurudi nyuma siku kumi na moja kila mwaka wa jua. Ndiyo maana watu wa pwani walishika pia hesabu ya jua: mwaka wa siku 365 unaoanzia Siku ya Mwaka, umegawanywa kwa miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za ziada. Mkulima na nahodha walitumia hesabu moja, huyu kujua lini apande, yule kujua lini atweke tanga. Ninaiona kuwa miongoni mwa kazi kubwa za akili za Waswahili, na inasikitisha kwamba vijana wengi wanaijua kwa sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, Unguja, tu.

Chungu nacho kina historia yake. Kunde na mlenda ni mimea ya Afrika. Muhogo na viazi vitamu vilitoka Amerika baada ya Wareno kuingia katika bahari hii mwaka 1498. Kwa hiyo kisamvu na tembele, tunavyovihesabu kuwa mboga za mababu, ni vigeni vya jana mbele ya majani ya kunde. Nazi ya kuviungia asili yake ni Asia.

Kua iliangamia mwanzoni mwa karne ya 19, iliposhambuliwa na Wasakalava kutoka Bukini, yaani Madagaska. Waliouawa waliuawa, wengi wakachukuliwa utumwani. Makao makuu ya eneo hili yakawa Chole, kisiwa kidogo cha jirani, ambako mabwana walijenga nyumba za mawe na kuishi kwa jasho la watumwa mashambani. Mafia ikawa ya Wajerumani mwaka 1890, nao wakahamishia makao yao Kilindoni, kwenye kisiwa kikuu cha Mafia, mwaka 1913. Utumwa ulifutwa kisheria chini ya Waingereza mwaka 1922. Chole ni ndogo mno kuwalisha watu wake, na wakazi wake wameendelea kuvuka kwenda kulima Juani, wanawake wakiwa mbele katika kazi hiyo.

Mwanaanthropolojia Pat Caplan, aliyeanza utafiti wake Kanga, kaskazini mwa Mafia, mwaka 1965, alieleza jinsi haki ya kulima pori ilivyopitia kwa baba na kwa mama, hata mwanamke akawa na shamba lake mwenyewe. Maelezo hayo yanafaa kukumbukwa Juani pia. Mwaka 1995 kisiwa kiliingizwa katika Hifadhi ya Bahari ya Mafia, yenye kilomita za mraba 822, na macho yakaelekea matumbawe na fukwe za kasa. Lakini pori la Juani ambalo mgeni huliona kama msitu usioguswa, sehemu yake kubwa ni mashamba yaliyopumzishwa. Kulizuia pori hilo lisifyekwe, au kulifyeka kabla halijakomaa, ni kumnyang'anya mkulima majivu ya msimu ujao.